Vazi la Jamira la Kuzamia

Kasese, magharibi mwa Uganda, ni mji wa joto. Ikifika saa saba mchana, hata mbuzi wa kando ya mto Nyamwamba huacha kutafuna na kujibanza kwenye kivuli cha ukuta. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba anakwenda Bwera, soko la mpakani, kutafuta nguo nzito ya kumkinga na baridi, tena ya kuvaliwa ndani ya maji, una haki ya kumuuliza kama amelala vizuri. Majirani walimuuliza Jamira hivyo hivyo, wakacheka hadi wakashika mbavu. Naye akacheka pamoja nao, akajitanda mtandio wake, akaenda zake.

Jamira ni mama wa makamo, muuza chumvi katika soko la Kasese. Chumvi yake inatoka Katwe, na yeye mwenyewe alizaliwa huko huko, mtaa wa Kabatoro, akajifunza kuogelea akiwa mtoto kwenye ziwa la samaki, si lile la chumvi. Mumewe, Musitafa, ni dereva wa lori la saruji. Anapakia kwenye kiwanda cha Hima na kupeleka kila upande. Watu wazuri, wasio na makuu, na kama si ile kazi ya pili ya Jamira hakuna ambaye angewaandika popote.

Kazi hiyo ya pili haina mshahara. Akifariki mwanamke wa Kiislamu mahali pale, Jamira ndiye anayeitwa kumwosha. Alifundishwa na shangazi yake, na masharti yake ni magumu kuliko kazi yenyewe. Marehemu huwekwa nyuma ya pazia, hufunikwa, na huoshwa chini ya kifuniko hicho; mkono ndio unaoona, macho yanatazama pembeni. Mwanamke huoshwa na wanawake. Na aliyeosha hasemi kamwe alichokiona, hata kwa mumewe, hata akiulizwa na mama mzazi.

Sasa, msimu mmoja wa mvua, mto Nyamwamba ulishuka kutoka mlimani ukiwa umejaa mawe na magogo, ukamchukua Naimah, jirani yake Jamira. Maji yalipopungua, alionekana amezama kwenye shimo la maji chini ya daraja. Hapakuwa na mtu wa kuzamia. Wanaume walileta kulabu za chuma zinazotumika kuvutia magogo, wakazifunga kamba, wakazitupa, wakavuta. Nia yao ilikuwa njema, hilo lisemwe wazi, na wawili kati yao nusura nao wachukuliwe na maji. Lakini kulabu haina macho. Ilishika gauni, gauni likapasuka lote, na Naimah akatoka majini mchana kweupe vile alivyozaliwa, nusu ya mji ikiwa ukingoni na simu juu. Kabla ya swala ya alasiri picha zilikuwa zimefika Bwera na kuvuka mpaka wa Kongo.

Naimah huyu alikuwa mwanamke ambaye hata muuza maziwa hakuwahi kuuona unywele wake. Jamira alimwosha. Alichokiona kwenye mwili ule, pale kulabu zilipopita, amekizika moyoni mwake mpaka leo. Kinachojulikana ni kwamba alipotoka nyuma ya pazia alikuwa akilia, na kilio kile kilikuwa cha hasira kuliko cha huzuni.

Hasira yake haikuwa na wa kumwangukia, maana wavutaji hawakuwa na njia nyingine. Ndiyo maana aliposikia kwamba Drani, askari mstaafu aliyewahi kuwa mzamiaji wa jeshi, anakusanya watu wa kujitolea awafundishe kuzamia kwa mitungi ya hewa, Jamira alifunga meza yake ya chumvi mapema, akaenda kumwona. Drani ni mtu wa maneno machache na yote yanatoka kama amri. Alimtazama huyu mama kuanzia mtandio hadi kandambili.

"Mama, hii iko kazi ya vijana."

"Afande," Jamira akasema, "wanawake nao wanakufa maji, ama hawakufi?"

Drani akakuna kidevu. Vijana waliokuwa wakifunga mitungi wakasogea wasikie.

"Kale," akakubali. "Kuja Jumamosi. Ukichelewa, rudi nyumbani."

Hakuchelewa. Kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini, ambako maji yana joto la uji uliopoa, alijifunza kupumua kwa mdomo, kutoa maji kwenye miwani, na kutulia pale moyo unapotaka kupaa. Aliingia na suruali na gauni lake pana, na halikumzuia. Drani hasifu mtu, ila wiki ya tatu aliacha kumfokea, na vijana wakaelewa maana yake.

Kisha akatangaza kwamba bwawani wamemaliza. Wataanza kwenda kwenye ziwa la kreta, upande wa Fort Portal, moja ya yale mashimo ya volkano yaliyojaa maji, ambalo juu lina joto na chini lina baridi ya kukata. Na baada ya hapo mtoni, kwenye maji yanayotoka kwenye theluji ya Rwenzori. Mavazi ya kuzamia aliyokuwa nayo yalikuwa ya wanaume wanene. "Kila mtu natafuta yake," akasema. "Vazi ya mpira, nene. Ikamate mwili. Imesikika?"

Ilisikika. Lakini binadamu husikia kile anachokitaka, na Jamira alisikia neno "nene" akaliacha neno "ikamate" lipite.

Kule Bwera, siku ya soko, mitumba humwagwa chini kama mavuno, na anayejua kila kilichomo ni Mbambu. Ni mama wa Butembo, kule Kongo, Mkatoliki mwenye rozari shingoni na sauti ya kuita ng'ombe, aliyevuka mpaka kwa sababu ya vita akaanza upya na mzigo mmoja wa nguo. Jamira alipomweleza anachotafuta, Mbambu hakucheka. Aliinama chini ya meza akatoa mavazi mawili meusi ya mpira.

"Ilitoka mu balo moja ya mitumba, ya mbili hii," akasema. "Watu banauliza ni nini, mi nabaambia ni ngozi ya kiboko. Vaa, tuone."

Jamira alianza na lile dogo, nyuma ya mapazia yaliyoning'inizwa kuuzwa. Kulivaa kulikuwa vita. Mbambu alimvika mifuko ya plastiki miguuni ili mpira uteleze, akavuta huku na kule, akafunga zipu mgongoni, wote wawili wakitokwa jasho. Halafu akampinda, akamwinua mikono, akabana mpira kwa vidole pale kiunoni na kwapani kuona kama kuna nafasi. Hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha sindano.

"Hii njo yako, Mama Jamira. Kabisa."

Jamira akajitazama kwenye kioo. Akaona makalio yake, mapaja yake, tumbo lililobeba watoto, kila kitu kimechorwa kwa wino mweusi. Tangu alipokuwa msichana hajawahi kujiona hivyo hata akiwa peke yake chumbani. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Banange! Nitoke na hii mbele ya wanaume? Hapana. Shekhe akiniona atazimia."

"Weye unaenda chini ya maji. Kule kuko samaki tu. Samaki beko na macho, lakini kuongea habajue."

"Nipe ile kubwa."

Lile kubwa lilimning'inia vizuri, likaficha kila kitu. Lilikuwa pana kifuani, lina mkunjo mgongoni, na shingoni mkono mzima ulipita. Mbambu alitikisa kichwa, akasema ameuza nguo maisha yake yote na anajua nguo inayomkataa mtu. Lakini Jamira alikuwa na hesabu yake tayari kichwani. Baridi tunaishinda kwa kuongeza nguo, ndivyo ilivyo: ukienda Kilembe kule mlimani alfajiri unavaa sweta, likishindwa unavaa la pili. Basi na hapa, chini ya mpira mpana ataingiza sweta la sufu, na mambo yatakuwa murua.

Mambo hayakuwa murua. Kule kwenye ziwa la kreta alishuka nyuma ya Drani akiwa amejawa na furaha. Maji ya juu yalikuwa laini. Kisha, ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa friji, akaingia kwenye tabaka la baridi. Maji yalimwingia shingoni, yakateremka mgongoni, yakatokea kwenye vifundo vya miguu, na mapya yakaingia nyuma yake. Kila alipopiga mguu, vazi lilifyonza maji mengine. Sweta lilikunywa likashiba, likamvuta chini. Vidole vilikufa ganzi, taya likaanza kutetemeka, na ule mpira wa kupumulia ukawa unacheza kati ya meno yake. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Akaonyesha alama ya hatari kwa mkono, na Drani akampandisha juu polepole, amemshika mkanda.

Ufukweni alimfungua zipu kidogo shingoni, akaona sufu.

"Sweta! Nani alisema leta sweta? Maji iko ndani kama mtungi!" Akapumua, akaiteremsha sauti. "Sikia, mama. Hii vazi hapana zuia maji. Maji kidogo inaingia, inakaa, mwili yako napasha hiyo maji, basi unavaa maji ya moto. Lakini lazima ikamate. Ikiwa kubwa, maji natoka, ingine naingia, wewe unapasha ziwa mzima. Utaweza ziwa mzima?"

"Hapana, Afande."

"Jumamosi ijayo ni mtihani. Nazamisha gunia ya mchanga, unaleta juu. Baridi ikikutoa tena, naweka mtu ingine. Si hasira. Chini kule, mtu natetemeka anaua mwenzake."

Jamira alikaa amejifunika blanketi, midomo imebadilika rangi, akilifikiria lile vazi dogo. Alijua kabisa sasa ni lipi alilotakiwa kuchagua. Na alijua pia kwamba hawezi kulivaa bila kusema na Musitafa.

Musitafa alimsikiliza akiwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi. Ni mume mpole, lakini upole nao una mipaka yake.

"Mama Shafic," akasema, "mimi sikukukataza kwenda. Lakini hii ya kubana, mbele ya vijana... Pale Hima madereva watasema nini? Wataniuliza nimeoa nani."

"Watasema."

"Na wewe unaniambia hivyo hivyo tu?"

Jamira alitaka kumweleza. Angemweleza alichokiona kwa Naimah, Musitafa angekubali palepale, tena angelia. Lakini aliyeosha hasemi. Maneno yote yalimjaa kifuani, na hakuna hata moja lenye ruhusa ya kutoka.

"Baba Shafic, mimi ndiye niliyemwosha Naimah. Siwezi kukuambia nilichokiona. Jua tu kwamba nilikiona."

Musitafa akatazama mikono ya mkewe. Alikuwa ameona picha zile kwenye simu, kama kila mtu mjini, na alikuwa hajawahi kumwambia mkewe kwamba aliziona. Aliinuka akaenda kunawa uso, akakaa huko kitambo.

"Nenda kachukue hilo la kubana," akasema aliporudi.

Jamira alirudi Bwera akiwa roho juu. Mbambu alipomwona tu, akajipiga paja.

"Ee Yezu! Nilishaiuzisha!"

Lile dogo lilikuwa limenunuliwa na Gracien, kijana wa pikipiki anayevusha abiria mpakani hadi Kasindi. Aliliona, akaona halipitishi mvua, akasema hapa nimepata koti. Mbambu akapaza ile sauti yake, ujumbe ukapita kutoka meza hadi meza, na baada ya muda Gracien akatokea, amelivaa, jua la Bwera likiwaka, uso wake ukichuruzika kama mtungi uliopasuka. Alikuwa akitembea amepanua miguu.

"Mama Mbambu, hii kitu inaniua," akasema. "Haikunjike goti. Abiria yangu banacheka. Mi nilitakaka ile mukubwa, ukaniambia iliisha kwenda."

Wanawake wawili wakatazamana. Jamira akafungua mfuko wake, akatoa lile kubwa. Gracien alilipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto, akakimbilia nyuma ya mapazia, na Mbambu akacheka hadi akakaa chini juu ya mashati ya watu. Lile dogo walilifua kwa sabuni kwa nguvu zote, maana jasho la Gracien halikuwa la mchezo. Wakati wa kuagana, Mbambu alimshika Jamira mkono.

"Mi niko Mukatoliki," akasema, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Lakini nikifa maji, wanaume basiniguse na vyuma. Weye njo utakuja. Unasikia?"

"Nasikia, dada yangu."

Jumamosi ya mtihani, Jamira alivalia vazi nyuma ya kichaka, akatoka. Kutoka pale hadi majini hapakuwa mbali, lakini ni mwendo mrefu kuliko wowote aliowahi kutembea. Wapo vijana waliotazama chini kwa adabu, na wapo waliotazama pasipotakiwa. Yeye alipiga moyo konde, akaweka macho kwenye maji, akaingia. Chini, lile tabaka la baridi lilimpiga usoni na viganjani vilevile kama mara ya kwanza. Maji machache yakapenya mgongoni, yakamfanya ashtuke, kisha yakatulia. Hayakutoka. Yakaanza kupata uvuguvugu, taratibu, mwili wake wenyewe ukiyapasha, ule mwili aliotaka kuuficha. Taya halikutetemeka. Alitafuta gunia kwenye tope, akalifunga kamba, akapanda nalo. Drani alilitazama gunia, akamtazama yeye, akasema, "Sawa." Jamira aliilalia "sawa" hiyo wiki nzima.

Mvua zilirudi, na simu ikaja mchana mmoja. Medius, msichana aliyekuwa akifua nguo, ameteleza Nyamwamba, na mto uliotulia baada ya kufurika umemficha kwenye shimo la maji. Musitafa ndiye aliyemleta mkewe kwa lori, hana hata muda wa kushusha mzigo. Ukingo ulikuwa umejaa watu. Mama wa Medius alikuwa amekaa kwenye mawe, ameshikwa na wanawake wawili. Kulabu zilikuwa tayari zimefungwa kamba, na simu zilikuwa tayari mikononi.

"Weka chuma chini," Drani akasema, na kulabu zikawekwa chini.

Jamira alipita katikati ya umati huo akiwa na vazi lake la kubana. Wapo walioguna, na mwanamume mmoja alisema neno lisilofaa kuandikwa. Hakugeuka. Maji ya Nyamwamba yalikuwa makali, yanatoka kwenye barafu na hayana huruma na mtu, lakini vazi lilimkamata kila mahali, naye akashuka huku Drani ameshika kamba yake kutoka juu.

Alimpata Medius kati ya mizizi. Mkondo ulikuwa umemfunulia gauni hadi juu ya kichwa. Jamira hakumvuta kwanza. Alipiga magoti kwenye mchanga, akaliteremsha gauni taratibu, akalinyoosha, akalifunga kwa kamba kwenye vifundo vya miguu, akamfunga na nywele zake kwa mtandio aliokuja nao ameufunga mkononi. Alifanya hayo kwa kupapasa, macho ameyaelekeza pembeni, kama alivyofundishwa. Kisha akamkumbatia, akatikisa kamba mara moja.

Juu, Drani alisikia kamba. Akawageukia watu.

"Wanaume wote! Simu chini! Nyuma, geuka!"

Wapo waliofikiri anatania. Musitafa alikuwa amekwisha kugeuka, amesimama wima na mgongo wake mpana mtoni, mikono nyuma, anatazama lori lake. Aliyekuwa kando yake akamwona, akageuka. Kisha mwingine, kisha mstari mzima, wakataji magogo, madereva, vijana wa pikipiki, hadi yule aliyesema neno lisilofaa. Wanawake nao wakainamisha macho. Drani mwenyewe aligeuka wa mwisho, akiwa bado anavuta kamba kupitia begani.

Jamira akatoka majini na Medius mikononi, akatembea polepole juu ya mawe, na katika ukingo ule wote mtu pekee aliyewatazama alikuwa mama yake Medius.